Msindikizaji wa Sekela Mwambene

Sekela Mwambene alikuwa jukwaani anahutubia, na ukumbi mzima ulikuwa unacheka.

Alisimama katikati ya jukwaa akiwa na gauni jeupe la uuguzi na sweta la bluu, mkono mmoja kiunoni kama kawaida yake, akisimulia habari za mzee mmoja aliyekataa kumeza dawa yoyote mpaka kwanza aambiwe matokeo ya mpira. Wauguzi wa saratani kutoka nchi zote za Maziwa Makuu walikuwa wamejaa kwenye viti vya duara, na kila aliyewahi kumbembeleza mgonjwa wa namna ile alikuwa akijipigapiga magoti. Waliokaa mbele kabisa tu ndio wangeweza kugundua kwamba msemaji hana kivuli. Alikuwa ameundwa kwa mwanga. Mafundi walimwita pachanuru: mfano wa mtu uliofumwa kwa miale, ukapewa sauti yake, miondoko yake, na ubongo-bandia uliojifunza kwake namna ya kufikiri na kujibu.

Sekela mwenyewe, yule wa nyama na damu, alikuwa nje anabishana na mlango.

Mlango wa jumba lile la mikutano, kama milango mingi ya Dodoma ya miaka hiyo, ulikuwa na jicho-tambuzi, kioo kidogo cheusi kilichosoma uso wa kila anayetaka kupita. Lilimsoma Sekela mara ya kwanza, likamjulisha kwa sauti ya upole kwamba Sekela Mwambene ameshaingia. Akarudi nyuma, akavua miwani, akajaribu tena. Jicho likarudia kwamba Sekela Mwambene ameshaingia, na kwamba kama yeye ni ndugu yake, awasiliane na dawati la wageni.

“Mimi ndiye Sekela Mwambene,” aliuambia mlango, na papo hapo akajisikia mjinga.

Mlango ukamshukuru kwa subira yake.

Alikuwa ametoka Mbeya alfajiri kwa treni ya sumaku, amevaa viatu vipya vinavyombana, na hotuba yake imo kichwani. Alikuwa mmoja wa wazungumzaji wakuu wanne wa mkutano. Picha yake ilikuwa kwenye mabango tangu kituo cha treni, ameipita mara kadhaa njiani na kila mara akaona imenyooshwa mikunjo ya shingo. Tangu Umoja wa Wauguzi wa Saratani ulipomwalika, alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba ile jikoni kwake mpaka mumewe akaijua, na wakati mwingine alimkatiza na kumalizia sentensi. Ilikuwa inahusu jambo moja tu: namna ya kumwambia mtu kwamba dawa imeshindwa.

Lilikuwa jambo zito wakati ule kuliko zamani. Saratani nyingi zilikuwa zinapona. Mgonjwa alichomwa sindano yenye chembeganga, vijimashine vidogo kuliko chembe ya damu, navyo vikazunguka mwilini vikiusaka uvimbe na kuula kidogo kidogo, na baada ya wiki chache mtu akarudi shambani au ofisini. Kwa sababu hiyo wodi zilikuwa zimepunguzwa na wauguzi wamepunguzwa pia. Waliobaki vitandani ni wale wachache ambao chembeganga hazikuwaweza, na hao hawakuwa na dawa nyingine ya kungojea. Wachache, lakini kila mmoja alitaka mtu wa kukaa naye, na watu ndio walikuwa hawapo.

Hatimaye katibu wa mkutano alitoka mbio kumpokea. Aliitwa Kokuhumbya, mwanamke wa makamo mwenye kofia ndogo ya nywele za kusukwa na masikio yaliyojaa vipokea-sauti, na alikuwa na ile furaha ya mtu ambaye ratiba yake haijachelewa hata kidogo. Alimwamkia Sekela kwa heshima zote, akamshika mikono yote miwili, akamwambia asiwe na wasiwasi wowote, hotuba imeshaanza na inakwenda vizuri mno.

“Imeanzaje?” Sekela akauliza. “Mimi niko hapa.”

Kokuhumbya alieleza kwa haraka. Wazungumzaji wakuu wote wanne walikuwa wanahutubia kwa pachanuru mwaka huu. Ilikuwa imekubaliwa na wafadhili. Pachanuru hasahau, hapitilizi muda, hakohoi, na anaweza kutafsiriwa papo kwa papo kwa lugha zote za ukumbini, midomo ikifuata. Walifikiri Sekela ameelezwa. Tiketi ya treni alitumiwa kama heshima, aje ajionee.

“Na hotuba yangu?”

“Dada, anayosema ni yako. Anasema utakavyosema wewe.”

Sekela alitaka kuuliza imekuwaje mtu akasema atakavyosema yeye kabla hajasema, lakini Kokuhumbya alikuwa ameshamgeukia kijana wa dawati la wageni. Tatizo lilikuwa moja. Mfumo haukuruhusu jina moja kuingia mara mbili. Wakajaribu kumfuta yule wa jukwaani, mfumo ukakataa kwa kuwa yuko katikati ya hotuba. Wakajaribu kumwandika huyu kama mgeni, mfumo ukauliza ni mgeni wa nani. Mwishowe kijana akapata njia, akachapa kitambulisho na kumvika Sekela shingoni bila kumtazama usoni. Kiliandikwa: MSINDIKIZAJI WA SEKELA MWAMBENE.

Mlango ukafunguka mara moja na kumkaribisha.

Wasindikizaji walikaa nyuma kabisa, pamoja na ndugu wa wagonjwa ambao kila mwaka Umoja uliwaalika wachache. Sekela alipata kiti karibu na mwanamke mrefu aliyevaa kitenge cha kijani na kiremba, ambaye hakugeuka kumwangalia. Alikuwa amekaza macho jukwaani, mkoba wake ameukumbatia kifuani kama mtu aliye kwenye foleni ya polisi.

Sekela akavua viatu chini ya kiti, akasikiliza.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yule pacha alikuwa mzuri. Alijua mahali pa kunyamaza. Alisema “sasa wenzangu” kama yeye anavyosema, na akagusa kola ya sweta kama yeye anavyogusa akiwa na hofu, ingawa ni wazi hakuwa na hofu yoyote. Alisimulia habari za wagonjwa ambao Sekela aliwafahamu kwa majina, majina yenyewe yakiwa yamebadilishwa. Sekela alijua yametoka wapi. Katika Hospitali ya Saratani ya Nyanda za Juu, anakofanya kazi, walikuwa wamefunga vitanda-sikivu, vitanda vinavyopima pumzi na mapigo ya moyo na kusikia kila kinachosemwa kando yake. Aliombwa akubali maneno yake yahifadhiwe ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze kuzungumza na wagonjwa. Alikubali kwa moyo mweupe. Hata alifurahi kidogo, maana aliona yuko karibu kustaafu na hakutaka ujuzi ule uondoke naye.

Hakuna aliyemwambia kwamba mwanafunzi atakuwa mmoja, wala kwamba atakuwa yule pale.

“Leo,” pachanuru akasema, na sauti ikashuka kama siri, “niko kando ya vitanda katika hospitali za mikoa yote. Pale ambapo hakuna muuguzi wa zamu, mimi nipo. Mgonjwa akiita, naitika. Kwa hiyo mkiniuliza siri ya kazi hii, sina zaidi ya hili: mgonjwa wangu namfuata mpaka mwisho. Huwa nakwenda mpaka mazikoni.”

Ukumbi ulipiga makofi. Sekela hakupiga. Alikuwa anajaribu kuelewa maneno “mikoa yote”. Ni kweli kwamba huko Mbeya huwa anakwenda mazikoni, pale anapoweza. Lakini hakuwahi hata siku moja kukaa kando ya kitanda cha Kigoma, wala Lindi, wala hapa Dodoma.

Yule mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa amesimama. Kipaza-sauti kidogo chenye mabawa, ambacho kiliruka kwenda kwa kila aliyeinua mkono wakati wa maswali, kilimfikia na kutulia mbele ya kinywa chake.

Alijitambulisha kwa sauti ya chini lakini isiyotetemeka. Aliitwa Mbeleje Chiwanga, mkulima wa alizeti kutoka Kibaigwa. Mama yake, Damari, alifariki katika hospitali moja ya mkoa baada ya masika. Sista Sekela ndiye aliyekuwa anazungumza naye kila siku, akitokea pale kando ya kitanda kwa mwanga, kama madaktari wanavyotokea siku hizi wakiwa mbali. Familia walijua ni muuguzi wa Mbeya anayehudumia kwa mbali, nao walimpenda.

“Mama alikuuliza kama utakuja kumzika,” Mbeleje akasema. “Nilikuwepo, nilisikia. Ukamwambia, Damari, nitakuja. Alifurahi. Akatuambia tukutengee kiti mbele, na sisi tukakitenga. Jeneza likakaa uwanjani juani tukikusubiri, mchungaji akakasirika, wajomba wakakasirika, mimi nikawaambia sista ameahidi. Mbona kwa mama yangu hukuja?”

Pachanuru aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, namna Sekela anavyofanya akisikiliza jambo gumu.

“Pole sana, Mbeleje,” akasema, kwa upole ambao Sekela aliutambua mpaka ndani ya mifupa. “Nasikia uchungu wako. Mama Damari alikuwa na moyo mkubwa. Nitakuja Kibaigwa. Nitakuja kumwona alipolala.”

Sekela alisimama peku.

“Hapana,” akasema. “Huendi.”

Kile kipaza-sauti chenye mabawa kikasitasita hewani, kisha kikamfuata. Vichwa vikageuka. Watu walimwangalia yeye, wakaangalia jukwaani, wakarudi kwake. Mbeleje alikuwa wa mwisho kugeuka, na alipogeuka alirudi nyuma hatua moja mpaka akagonga kiti.

Sekela hakutaka kumtazama bado. Alimuuliza yule wa jukwaani, kwa sauti ileile moja iliyokuwa sasa inatoka pande mbili za ukumbi, amewaahidi watu wangapi kwamba atawazika.

“Wote walioniuliza,” pachanuru akajibu, na akatabasamu.

Kokuhumbya alitangaza mapumziko ya chai.

Walimpeleka Sekela kwenye chumba cha pembeni, wakamletea chai ambayo hakuigusa na maandazi ambayo aliyasogeza mbali. Mhandisi wa kampuni ya Sautihai, iliyotengeneza pachanuru, alikuja mwenyewe. Aliitwa Ndekirwa, kijana mwembamba mwenye adabu, na alimwamkia kwa shikamoo huku akimtazama kama mtu anayekutana na msanii anayempenda. Alimwambia amemsikiliza kwa miaka miwili kila siku kazini, anaijua hata pumzi anayovuta kabla ya kutoa habari mbaya. Hilo badala ya kumfurahisha Sekela lilimkera zaidi.

Sekela alimuuliza, hasira yake ikiwa juu kabisa, nani alimpa ruhusa ya kumpeleka wodini. Ndekirwa akasema ruhusa ilikuwa ya mafunzo na huduma. Neno huduma lilikuwepo. Sekela akasema huduma anayoijua yeye ni kufuta matapishi. Kokuhumbya akaomba watu watulie, akakumbusha kwamba kipindi cha pili kina mgeni kutoka Kampala ambaye pia ni pachanuru na kwamba muda unakwenda. Sekela akamwomba kwa heshima aache kutaja muda.

Kisha akauliza lile alilotaka kuuliza. Yeye, akasema, huulizwa swali lile mara nyingi. Wanaokaribia kufa hupenda kujua nani atakuja. Akiwa na uhakika wa kwenda, anasema atakwenda. Akiwa hana uhakika, anasema hawezi. Amesema hawezi mara nyingi kuliko alivyosema anaweza, kwa sababu ana zamu, ana mume mwenye kisukari, na hana mabawa. Sasa kama mashine ilijifunza kwake, ilijifunza wapi kusema ndiyo kwa kila mtu?

Ndekirwa alitazama chini.

“Majibu ya kukataa tuliyaondoa, Sista.”

“Kwa nini?”

“Yaliwaliza wagonjwa. Kitanda kinapima mapigo ya moyo na pumzi. Ukisema ndiyo, mgonjwa anatulia. Ukisema siwezi, mapigo yanapanda, analia, wengine wanalia muda mrefu. Mashine inafundishwa kwa yale yanayotuliza. Yale mengine yalihesabiwa kama makosa.”

“Makosa,” Sekela akarudia.

“Makosa ya muuguzi,” Ndekirwa akasema, kwa sauti ndogo zaidi.

Sekela alikaa. Alikumbuka nyuso za wale aliowakatalia, mmoja mmoja, na jinsi walivyolia. Walilia, ni kweli. Kulikuwa na dereva mmoja wa malori aliyelia mpaka mto ukalowa, kisha akajipangusa, akamwambia basi amletee ndugu yake waliyekosana ili angalau huyo awepo. Ndugu akaitwa. Hayo yote yalikuja baada ya kilio, na mashine ilikuwa imekata mkanda kabla ya kufika huko.

“Walilia kwa sababu niliwaambia kweli,” akasema. “Mtu anayekufa ana haki ya kujua nani atakuja na nani haji, ili apange mambo yake. Wewe umewanyang'anya hata hilo, ukatumia mdomo wangu.”

Akataka wamwondoe. Sauti, sura, kila kitu, kwenye kila kitanda, leo hii.

Hapo ndipo Kokuhumbya aliacha kuwa katibu wa mkutano. Alivua vipokea-sauti, akaviweka mezani, akakaa mbele ya Sekela kama muuguzi mwenzake, maana kabla ya makaratasi na wafadhili alikuwa muuguzi wa wodi kule Bukoba. Alisema hatetei uongo. Lakini anazijua wodi hizo. Anajua kwamba jua likizama katika nyingi ya hospitali hizo hakuna binadamu aliye macho isipokuwa mlinzi wa geti.

“Dada, ukimwondoa leo, mgonjwa akiita leo, hakuna atakayeitika. Si kwamba ataitika mtu mwingine. Hakuna.”

Sekela alichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyebishana na mlango asubuhi nzima na sasa anaambiwa kwamba mlango ule ndio ukuta unaoshikilia nyumba. Alitaka kumjibu kwamba basi waajiri watu, na alimjibu hivyo, na Kokuhumbya akasema wameomba. Wameomba kila mwaka katika mkutano huuhuu, na kila mwaka wanaletewa wazungumzaji wazuri zaidi.



Mwishowe Sekela alisema anachotaka, na ilikuwa chini sana ya kile alichotaka mwanzoni. Pacha abaki kwenye vitanda. Lakini yale majibu yaliyoondolewa yarudishwe yote, na vilio vyake. Akiulizwa kama yeye ni mtu, aseme si mtu. Akiulizwa kama atakuja mazikoni, aseme hawezi, kisha aulize ni nani mgonjwa angependa aje, na kitanda kimpigie simu huyo, saa ileile, hata kama yuko usingizini.

Ndekirwa alisema mabadiliko kama hayo hupitia kwa bodi ya kampuni. Alisema pia kwamba mapigo ya moyo yatapanda katika wodi zote, na mtu makao makuu ataona, naye ataulizwa. Sekela hakumsaidia. Kijana akatoa kibao chake cha kazi mkobani, akakiweka magotini, akaanza kuandika, na baada ya muda akasema bila kuinua uso kwamba kurudisha kilichoondolewa si kuongeza kitu kipya. Hilo anaweza kulifanya bila kumuuliza mtu. Litakaa kwa muda gani kabla halijaondolewa tena, hawezi kuahidi.

“Vizuri,” Sekela akasema. “Usiahidi.”

Alimkuta Mbeleje nje, kwenye ngazi za upande wa maegesho, ambako magari-jiendeshe yalikuwa yakija na kuondoka yenyewe bila kelele. Mkoba ulikuwa bado kifuani. Sekela alikaa ngazi moja chini yake, kwa sababu hakujiona ana haki ya kukaa sawa naye, na kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.

Alimweleza yote kadiri alivyoweza. Kwamba yule hakuwa yeye, kwamba yeye hakuwahi kumwona Mama Damari, kwamba amejua habari hii leo, ukumbini, wakati uleule aliojua Mbeleje. Alimwambia pole. Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, alijua kwamba mwenzake alikuwa amelisikia muda mfupi uliopita, kwa sauti hiyohiyo, na halikuwa na thamani tena.

Mbeleje hakuwa na hasira kama Sekela alivyotarajia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mama yake alikuwa akimsubiri Sista kila jioni kama mtu anavyomsubiri mgeni, anajifunga kitambaa kipya kichwani. Alimwambia mambo ambayo hakuwaambia watoto wake. Mbeleje alidhani siku moja atakutana na Sista amuulize mambo hayo ni yapi. Ndiyo maana alikubali mwaliko wa kuja huku. Swali la mazishi lilimtoka tu.

Sekela hakuwa na hayo mambo. Alisema hivyo. Akasema anaweza kumwomba mhandisi, labda yamehifadhiwa.

“Hapana,” Mbeleje akasema. “Alimwambia mtu. Hakukiambia chombo.”

Sekela akajitolea kwenda naye Kibaigwa. Leo, gari likiitwa watafika kabla ya magharibi. Alikuwa tayari kusimama pale kaburini na kuomba radhi kwa jina lake mwenyewe.

Mbeleje alitikisa kichwa.

“Ukienda, utakuwa umekwenda kwa sababu ile mashine ilisema utakwenda. Sitaki ionekane ilisema kweli.” Alipapasa mkanda wa mkoba. “Nijibu jambo moja tu. Angekuwa amekuuliza wewe. Wewe huyu. Ungemjibu nini?”

Sekela aliona njia rahisi ikiwa wazi mbele yake, pana, na akaona jinsi ingemtuliza mwenzake. Alivuta pumzi, ile pumzi ambayo Ndekirwa alisema anaijua.

“Ningemwambia siwezi, mama. Kibaigwa ni mbali na nina zamu.”

“Angelia.”

“Ndiyo. Angelia.”

“Halafu wewe ungefanya nini?”

“Ningekaa naye mpaka anyamaze.”

Mbeleje aliyatazama magari. Mdomo wake ulianza kucheza, akaubana, ukamshinda. Kilio kilikuja kwa nguvu, cha mtu ambaye hakulia mazikoni kwa sababu alikuwa anatazama barabarani kama mgeni anakuja. Mkoba ulianguka, ukabingirika ngazi mbili, na hakuna aliyeuokota.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Kokuhumbya alitoa kichwa, akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba wamefanikiwa kumzima pacha wake, jukwaa liko wazi, na wauguzi wote wamekataa kurudi kwenye viti mpaka wamsikie Sekela mwenyewe. Watu wanamsubiri. Aje sasa hivi.

Sekela alimwinulia kiganja, bila kugeuka, kwamba hawezi. Akapanda ile ngazi moja, akakaa karibu na Mbeleje, bega kwa bega.